Jitu, Dubwana, Pandikizi: Asili na Visawe vya Neno la Ukubwa katika "Tumbo Lisiloshiba"

MALENGO YA SOMO

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kueleza asili ya neno "jitu" na jinsi lilivyoundwa;
(b) kutofautisha visawe vyake na kuchagua kinachofaa muktadha;
(c) kutumia maarifa hayo kujibu maswali ya Karatasi ya Pili (Lugha) na Karatasi ya Tatu (Fasihi).

UTANGULIZI

Mwanafunzi, ukiulizwa ueleze sifa za Jitu la Miraba Minne katika hadithi "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, utaandika nini? Watahiniwa wengi huandika hivi: "Ni mkubwa sana. Ni mlafi." Kisha husonga mbele kwa mhusika mwingine. Hayo si makosa, lakini ni nusu ya jibu. Mwandishi alikuwa na maneno mengi ya kumwita mtu mkubwa kupindukia. Angeweza kuandika "pandikizi la mtu", "dubwana" au "kigogo". Alichagua "jitu". Atakayeeleza kwa nini ndiye atakayepata alama zilizobaki.

Kuna sababu ya pili ya kulisoma neno hili kwa makini. Wewe unayesomea Laini Saba, au Kawangware, au mtaa mwingine kama hiyo, huhitaji kuelezwa Madongoporomoka ni mahali pa namna gani. Hiyo ni nguvu yako. Vilevile ni mtego, kama tutakavyoona baadaye. Tuanze na neno lenyewe.

1. ASILI YA NENO "JITU"

Mzizi wa neno hili ni -tu, uleule ulio katika "mtu", "kitu" na "utu". Mzizi huu ni wa zamani na lugha nyingi za Kibantu zinao. Mkikuyu na Mkamba husema "mũndũ", Mluhya husema "omundu", Mkisii husema "omonto", na kule Afrika Kusini Mzulu husema "umuntu". Jina lenyewe "Bantu" limetokana na mzizi huo. Waulize wenzako darasani, utausikia mzizi mmoja ukitoka katika vinywa tofauti. Mwenzako Mjaluo hatakuwa nao, kwa kuwa lugha yake si ya Kibantu.

Sasa ondoa kiambishi m- katika "mtu", halafu uweke ji-. Unapata "jitu". Hii ndiyo hali ya ukubwa. Kanuni zake ni hizi:

(a) Mzizi ukiwa wa silabi moja, ondoa kiambishi cha ngeli na uweke ji-:
mtu – jitu. Mji – jiji. Kisu – jisu. Mbwa – jibwa.

(b) Mzizi ukiwa wa silabi mbili au zaidi na ukianza kwa konsonanti, mara nyingi ondoa kiambishi au sauti ya mwanzo tu:
mlango – lango. Mguu – guu. Kikapu – kapu. Mbuzi – buzi. Mdomo – domo.

(c) Baadhi ya nomino huchukua j- badala ya sauti ya mwanzo:
nyumba – jumba. Nyoka – joka.

(d) Katika wingi, ongeza ma-:
majitu, majiji, majumba, majoka.

Tanbihi: Katika mazungumzo utasikia "lijitu" na "majitu hayo malafi". Umbo "lijitu" huongeza dharau juu ya ukubwa. Swali likikuomba uandike sentensi katika ukubwa, andika "jitu". Usiongeze li- mbele yake.

2. UKUBWA HUBEBA HUKUMU

Hali ya ukubwa katika Kiswahili haipimi urefu na upana pekee. Mara nyingine husifu: "jumba" ni nyumba ya fahari, "lango" ni mlango wa heshima, na "jiji" si mji mkubwa tu bali ni mji wenye hadhi yake. Mara nyingine hudunisha: "domo" ni mdomo wa mtu mwenye maneno mengi, na "jizi" ni mwizi aliyekubuhu. "Jitu" limo katika kundi hili la pili. Ukimwita binadamu mwenzako "jitu", hujamsifu kwa kimo chake.

Tazama sarufi inavyolithibitisha jambo hili. Linganisha sentensi hizi mbili:

Mtu yule alikula chakula chote.
Jitu lile lilikula chakula chote.

Katika sentensi ya kwanza, nomino iko katika ngeli ya A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai. Katika ya pili, imehamia ngeli ya LI-YA, pamoja na jiwe, gari na shimo. Upatanisho umemwondoa mhusika kati ya watu ukamweka kati ya vitu. Mzizi -tu bado umo ndani ya neno, lakini utu haumo. Hoja hiyo peke yake, ukiieleza vizuri, inatosha kuwa aya moja ya jibu la fasihi.

Kwa hivyo katika jibu lako andika "Jitu lilikula", "Jitu liliondoka", "Jitu linaashiria". Usiandike "Jitu alikula". Kosa hili ni la kawaida sana, na linaharibu hoja uliyokuwa ukiijenga.

3. "MIRABA MINNE" NI NINI?

"Mraba" ni umbo lenye pande nne zilizo sawa. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaohusu nambari nne. Mzizi huohuo ndio uliotupa "robo", yaani sehemu moja kati ya nne, na "arubaini". Kiswahili kililipokea neno, kikalitia katika ngeli ya U-I kama "mti" na "mkate": mraba huu, miraba hii.

Tunaposema "mtu wa miraba minne", tunamaanisha mtu aliyejengeka mwili, mpana kila upande, kama sanduku. Huo ni msemo wa kawaida na hauna dharau. Baharia anaweza kuwa wa miraba minne, na mchukuzi wa mizigo pia. Dharau iko katika "jitu". Maneno hayo mawili yakikaa pamoja, la pili linatuonyesha umbo, la kwanza linatuonyesha tabia.

4. VISAWE NA MIPAKA YAKE

Visawe ni maneno yenye maana sawa au inayokaribiana. Ni nadra maneno mawili kutoshea pengo moja bila kubadilisha chochote. Soma yafuatayo ukijiuliza: je, neno hili lingefaa mahali pa "jitu"?

Dubwana (wingi: madubwana). Ni mtu, mnyama au kitu kikubwa mno cha kutisha. Mkazo uko katika hofu. Hata mashine huweza kuitwa dubwana. Tingatinga likiingia mtaani alfajiri, hilo ni dubwana.

Pandikizi la mtu. Pande la mtu. Ni mtu mkubwa wa kimo na mwili. "Pande" ni kipande kikubwa, kama pande la nyama au pande la mti. Misemo hii inaeleza mwili na kuishia hapo. Pandikizi la mtu laweza kuwa na moyo mwema.

Zimwi (wingi: mazimwi). Ni kiumbe wa ngano anayekula watu. Wahenga walisema: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yaani adui anayekufahamu atakubakizia kidogo. Pima methali hii dhidi ya hadithi yetu. Jitu halikubakiza kitu.

Jabali na jabari. Haya huchanganywa sana. "Jabali" ni mwamba mkubwa, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mlima. Kitamathali ni mtu imara asiyetikisika. "Jabari" ni mwenye nguvu zisizopingika, na Waislamu hulijua kuwa mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Yote mawili yana heshima ndani yake. Hayafai kwa mnyang'anyi.

Kigogo (wingi: vigogo). "Gogo" ni kipande kinene cha mti ulioangushwa. Kigogo ni mtu mwenye mamlaka, mali au ushawishi. Hapa ki- hakionyeshi udogo. Angalia upatanisho: "Kigogo amewasili", "Vigogo wamekutana". Kigogo anabaki katika A-WA, ana hadhi yake hata tukimchukia. Jitu limenyimwa hadhi hiyo. Kumbuka pia kwamba katika tamthilia "Kigogo" ya Pauline Kea, mtawala wa Sagamoyo anaitwa Majoka. Jina hilo limetokana na nini? Rudi katika kanuni (c) na (d) hapo juu: nyoka – joka – majoka. Waandishi wawili tofauti, mbinu moja: hali ya ukubwa imetumiwa kumtaja mtu anayewadhulumu wengine.

Adhimu. Limetoka katika Kiarabu, lina maana ya tukufu, yenye hadhi kubwa: siku adhimu, kazi adhimu. Usilichanganye na "adimu", yaani nadra kupatikana, kama katika "maji ni adimu mtaani". Herufi moja imetofautisha sifa ya utukufu na sifa ya uhaba.

-kubwa na -kuu. Yote mawili ni ya Kibantu. "-kubwa" ni ya ukubwa wa umbo au kiasi. "-Kuu" ni ya cheo na umuhimu. Barabara kubwa ni pana. Barabara kuu ni muhimu, hata ikiwa nyembamba. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mfupi kuliko walimu wote. Katika lugha ndugu mzizi wa "-kuu" unagusa umri: Mkikuyu humwita mzee "mũkũrũ", na Mluhya humwita mtu mzima "omukhulu". Kiswahili nacho kimehifadhi maana ya uzee katika "-kuukuu", kama "nguo kuukuu".

Maneno ya mtaani. Utasikia "baunsa" kwa mtu wa miraba minne, "bonge la mtu" kwa aliyenenepa, na "sonko" au "mdosi" kwa mwenye pesa. Katika insha, yaweke katika mazungumzo ya wahusika wanaozungumza hivyo, tena kwa kiasi. Katika maelezo yako mwenyewe, tumia Kiswahili sanifu.

5. UKUBWA NA TUMBO

Sasa tunafika kwenye kiini. Jitu la hadithi yetu halipigani, halibebi mizigo, halirushi mawe. Linakula. Linaingia katika mkahawa wa watu maskini, linakula kila kilichopikwa, na linaondoka likiahidi kurudi. Baada ya hapo, mashine za kubomoa zinaufikia mtaa. Ukubwa wa Jitu uko tumboni, na anwani ya hadithi imeshatuambia hivyo.

Wazo la kwamba aliye mkubwa kupindukia ni yule asiyeshiba si geni katika Kiswahili. Edward Steere, aliyekusanya ngano kule Unguja na kuzichapisha mwaka wa 1870, alihifadhi hadithi ya sultani aliyekuwa na paka. Paka alianza kwa kula kuku. Watu walipomshtaki, sultani alijibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka akala wanyama wakubwa zaidi, jibu likawa lilelile. Mwishowe akageuka nunda, mla watu, na akawaua hata wana wa sultani. Ona jinsi nunda alivyokua. Hakuzaliwa dubwana. Alikuzwa na mwenye mamlaka aliyekataa kumzuia alipokuwa bado paka.

Hata ng'ambo mambo ni hayohayo. Mwandishi Mfaransa François Rabelais, katika karne ya 16, aliandika juu ya jitu liitwalo Gargantua, ambalo tangu kuzaliwa lilikuwa likidai kinywaji. Jina lake linakaribiana na neno la Kihispania la koo. Kutokana na jina hilo, Kifaransa na Kiingereza vilipata kivumishi chenye maana ya kubwa kupita kiasi, ambacho hadi leo hutumiwa hasa kwa hamu ya kula. Rabelais alilitumia jitu lake kuchekesha. Said A. Mohamed amelitumia lake kushtaki. Lakini wote wawili wameupima ukubwa kwa koo na tumbo.

Mbinu inayotumika hapa inaitwa chuku, yaani kutia chumvi. Hakuna binadamu anayeweza kumaliza chakula cha mkahawa mzima kwa mlo mmoja. Mwandishi analijua hilo. Chuku inatufanya tuuache mwili na kuitazama maana: mlaji ni tabaka lenye nguvu, chakula ni ardhi na jasho la wanyonge. Hiyo sasa ni jazanda.

6. KUTOKA MADONGOPOROMOKA HADI LAINI SABA

Jina "Madongoporomoka" ni majazi. "Madongo" ni udongo uliotiwa katika ukubwa na wingi. "Poromoka" ni kuanguka kwa wingi kutoka juu. Nyumba za huko zinaanguka hata kabla ya kuangushwa. Neno moja la ukubwa limepewa mtaa, lingine limepewa anayeumeza.

Mnamo Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera yakabomoa nyumba, vibanda vya biashara, makanisa na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Baadhi yenu mlikuwa watoto wadogo, wengine mmesimuliwa nyumbani. Mwanafunzi wa Kibera anaposoma mwisho wa hadithi hii, anasikia mlio anaoujua.

Hapa ndipo mtego niliotaja ulipo. Mtahiniwa anayeujua ubomoaji kwa macho yake huanza kujibu kuhusu hadithi, kisha katika aya ya pili anasimulia mtaa wake. Jibu linakuwa la kweli na la kugusa moyo, lakini mtahini hana mahali pa kulitia alama, kwa sababu swali ni la kitabu. Pia mambo hayo mawili hayafanani kila upande. Barabara ni ya umma, na mjadala wake ni kuhusu haki ya wanaohamishwa: walipewa ilani? walilipwa fidia? walipewa mahali pa kwenda? Jitu linakula kwa ajili yake pekee. Ukiyaweka yote katika chungu kimoja, utapoteza tofauti iliyo muhimu kwa mtu yeyote anayetaka kuitetea haki yake.

Tumia ulichokiona kukielewa kitabu, kisha uthibitishe kwa kitabu. Na siku utakapohitaji kuuandikia umma barua kuhusu mtaa wako, uwe na neno sahihi. Ukimwita kila mwenye nguvu "jitu", neno litachakaa. Kiongozi anayesikiliza ni mkubwa. Mwenye wadhifa ni kigogo. Mashine ni dubwana. Jitu ni yule anayekula asiache, akaahidi kurudi.

7. MFANO WA SWALI NA JIBU

Swali: Eleza jinsi matumizi ya neno "jitu" yanavyoendeleza maudhui ya unyanyasaji katika hadithi "Tumbo Lisiloshiba". (alama 6)

Jibu:
(i) Neno liko katika hali ya ukubwa yenye udunishi. Mhusika anahamishwa kutoka ngeli ya A-WA hadi LI-YA, ishara kwamba mnyanyasaji amepoteza utu wake.
(ii) Jitu linakula chakula chote mkahawani bila kuwajali wengine. Hii ni chuku inayoonyesha kwamba tamaa ya wenye nguvu haina kikomo.
(iii) Jitu linaahidi kurudi, na baadaye mtaa unakumbwa na ubomoaji. Ulaji wa chakula ni jazanda ya unyakuzi wa ardhi ya wanyonge.

Maelezo: Kila hoja ina sehemu mbili: kinachotokea katika hadithi au katika lugha yake, na maana ya jambo hilo. Ukiandika sehemu ya kwanza pekee, umesimulia. Ukiandika ya pili pekee, umedai bila ushahidi. Alama mbili huja zote zikiwepo.

8. ZOEZI

1. Andika katika hali ya ukubwa wingi: Mtu huyu amefungua mlango wa nyumba yake. (alama 3)
2. Tunga sentensi moja moja kudhihirisha tofauti ya maana kati ya:
(a) adhimu na adimu (alama 2)
(b) mwalimu mkubwa na mwalimu mkuu (alama 2)
(c) jabali na jabari (alama 2)
3. Jaza pengo kwa neno linalofaa zaidi kati ya pandikizi, kigogo, dubwana na jitu, kisha utoe sababu:
(a) ______ huyo wa siasa alipokelewa kwa nyimbo. (alama 2)
(b) Mjomba ni ______ la mtu, lakini hawezi kumdhuru hata sisimizi. (alama 2)
4. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Onyesha kwa hoja mbili jinsi hadithi "Tumbo Lisiloshiba" inavyopingana na methali hii. (alama 4)
5. Andika aya moja ya maneno 100 ukieleza tingatinga linavyoingia mtaani alfajiri. Usitumie neno "kubwa" hata mara moja. (alama 10)

Majibu ya baadhi ya maswali:
1. Majitu haya yamefungua malango ya majumba yao.
3. (a) Kigogo, kwa kuwa upatanisho ni wa A-WA na muktadha ni wa hadhi. (b) pandikizi, kwa kuwa linaeleza mwili bila kuhukumu tabia.

Swali la 5 lina ugumu wake. Lifanye mara mbili: mara ya kwanza peke yako, mara ya pili baada ya kubadilishana daftari na mwenzako na kuhesabu kila mahali ambapo neno jingine lingekaa vizuri zaidi.